Mama Deki na Chumba cha Chini ya Ngazi

Jumba la kale lilikuwa na vyumba kumi na vinne, na Mama Deki alivijua vyote kwa magoti yake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akivipiga deki asubuhi kabla wageni hawajafunguliwa mlango. Alijua kidato kipi cha ngazi kimelika katikati, dirisha gani huingiza mchanga upepo ukitoka baharini, na kidaka kipi, katika vile vishubaka vya ukutani ambamo watu wa zamani waliweka vyombo, mjusi hupenda kutagia. Kazi yake aliipenda. Mumewe, fundi bomba, alizoea kumtania kwamba kama angeing'arisha nyumba yao namna ile, na wao wangeweka mlinda mlango.

"Kwanza uanze wewe kuvua viatu," humjibu.

Jambo moja tu lilimkera. Chini ya ngazi palikuwa na chumba kidogo kisicho na dirisha, na Profesa alikuwa amekifanya gereza. Profesa hakuwa profesa. Alikuwa kijana mrefu aliyewatembeza wageni, mwenye maneno matamu na fimbo ya kuonyeshea. Akifika pale hushusha sauti. "Hapa ndipo mwenye jumba alipowafungia maadui zake. Wengine waliingia, hawakutoka." Wageni huguna, hushika vifua, hupiga picha. Hadithi hiyo aliikuta kwa mtangulizi wake. Yeye aliongeza chumvi tu.

Lakini tambara la Mama Deki lilikuwa na habari nyingine. Katika vyumba vingine maji yalituama, akayafukuza huku na huko hadi kiuno kikalia. Katika kile, ukimwaga ndoo, maji yalijikusanya yenyewe, yakaenda pembeni, yakazama katika tundu la ukubwa wa ngumi. Tena kuta zake zilipakwa chokaa nyororo, ngumu kama sahani, kutoka chini hadi usawa wa kifua. Nani humjengea adui yake ukuta wa namna hiyo?

Siku moja wakila chakula alimweleza mumewe. Mzee akaweka kijiko chini.

"Sakafu hailali upande bure," alisema. "Jumapili nakuja."

Akaja na tochi yake. Akapiga magoti, akamwaga maji, akayasikiliza kama daktari asikilizavyo kifua. Kisha akazunguka nje, akafyeka magugu nyuma ya ukuta, na huko akakuta mfereji mwembamba wa mawe ulioelekea bustanini, maji yake ya ndoo yakitiririka taratibu.

"Mama watoto," aliita, jasho likimtoka, "humu watu walikuwa wakioga! Na fundi aliyejenga hapa, Mungu amrehemu, mimi hanifikii kwa mbali."

"Yeye hakufikii wewe, au wewe humfikii yeye?"

"Usinitie aibu mbele ya marehemu."

Jumatatu Mama Deki alimwambia Profesa. Kijana akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Mama, mgeni gani atavuka bahari aje kutazama bafu?"

"Mwanangu, kama ndicho kilichokuwepo?"

"Kilichokuwepo hakipigwi picha."

Maneno yale yalimchoma, lakini akajikaza kisabuni, akachukua ndoo yake, akaenda zake.

Siku mbili baadaye lilikuja kundi la wageni, na ndani yake bibi mmoja na mjukuu wake wa kike wa miaka kama saba. Profesa alipomaliza habari ya walioingia wasitoke, mtoto aliangua kilio. Njia ya kutokea ilipita mlangoni pa chumba kile, naye akagoma kusogea. Bibi akabembeleza, wapi. Profesa akatabasamu tabasamu la mtu asiyejua afanyeje.

Mama Deki alikuwa hatua tatu tu kutoka hapo, akikamua tambara. Akamsogelea mtoto, akachuchumaa.

"Mjukuu wangu, hapa si gereza. Hapa walikuwa wakiogeshwa watoto wakorofi kama wewe. Tazama."

Akamimina ndoo nzima. Maji yakakimbia kama yaliyoitwa jina, yakazunguka tunduni, yakapotea. Kilio kikakatika.

"Yanakwenda wapi?"

"Tukimbie, tuyawahi!"

Wakatoka mbio, mtoto mbele, bibi nyuma, wageni wote wakafuata hadi bustanini. Maji yalipochungulia kwenye mfereji, mtoto alipiga makofi. Mzee mmoja mwenye kofia aliomba yamwagwe tena. Yakamwagwa mara nne. Profesa alibaki mlangoni na fimbo yake, uso umemshuka.

Meneja alikuwa ameona yote kutoka dirishani. Alipomwita ofisini, Mama Deki alijisemea kwamba leo kibarua kimeota nyasi. Alivua aproni kabisa, akaikunja.

"Nani alikwambia ni bafu?" meneja aliuliza.

"Tambara langu, mama. Na mume wangu akathibitisha."

Meneja alicheka, akamwambia avae aproni yake. Akamwita mtaalamu wa majengo ya kale, ambaye alipimapima kwa siku mbili na kusema yaleyale ya fundi bomba, ila kwa maneno marefu zaidi. Kibao cha gereza kilichokuwa mlangoni kikang'olewa. Profesa yeye hakung'olewa kazini; alimfuata Mama Deki penye mabeseni, akainamisha kichwa. "Mama, nisamehe. Nifundishe na mengine." Akamfundisha, na kijana yule, kwa ulimi wake, sasa huisimulia habari ya bafu vizuri kumzidi yeye.

Meneja alimtaka Mama Deki naye awatembeze wageni siku mbili kwa wiki. Alikataa mara mbili, akakubali ya tatu, kwa sharti kwamba deki ya asubuhi asinyang'anywe, kwa kuwa saa ile jumba zima huwa lake peke yake.

Siku yake ya kwanza sauti ilimtetemeka hadi chumba cha tatu, kisha ikakaa sawa. Ghorofani, mgeni mmoja akaonyesha chumba chembamba chenye milango miwili. "Hiki kilikuwa cha nini?"

"Sijui," alisema Mama Deki.

Profesa, aliyekuwa nyuma akisikiliza, alikaribia kuanguka. Lakini wageni waliingia, wakagusa kuta, wakapima kwa hatua. Mmoja akasema ni ghala, mwingine akasema hapana, ni njia ya wanawake wa nyumbani wapite bila kuonekana, wa tatu akauliza mbona basi sakafu haijalika. Walibishana nusu saa nzima, na Mama Deki akakaa kizingitini, miguu ameinyoosha, akiwasikiliza mmoja mmoja.