Upepo Chini ya Paneli za Kanyiva

Kanyiva wa Ikutha hata akikuomba chumvi huanza kwa kukushukuru. Mimi ni jirani yake, tumetenganishwa na ua wa minyaa tu, na wakati mwingine shukrani zake hunichosha. Mvua ikinyesha anashukuru, ikikosa anashukuru kwa kuwa mbaazi alizoanika hazikulowa. Lakini kuna shukrani moja aliyoitoa kanisani mwaka jana, na hiyo sijaichoka hadi leo.

Mumewe, Nyamai, alikuwa dereva wa lori kule Emali. Lori lilipinduka, miguu yake ikafa, na tangu hapo ni mtu wa kiti cha magurudumu. Binti yao wa pekee, Kasiva, ameolewa mbali. Nyumba ile ina watu wawili, na mmoja hawezi kwenda mtoni.

Enzi za mtoni, Kanyiva aliondoka alfajiri na punda, akachimba mchanga pamoja nasi mpaka maji yatokee, akangoja zamu yake, akarudi jua limeshawaka. Kabla ya kutoka aliweka chupa ya chai na kikombe kwenye kigoda, karibu na mkono wa Nyamai. Siku moja alimkuta sakafuni. Alikuwa amejinyoosha kuifikia chupa akaanguka, akalala pale asubuhi nzima, chai imemwagika na kukauka kando yake.

"Pole, Mama Kasiva," Nyamai alimwambia. "Nimeharibu chai."

Kanyiva alikuja kwangu akalia mpaka nikaogopa.

Ndiyo maana kikundi chetu cha akina mama kilipochimbiwa kisima na kuwekewa pampu ya sola, aliyeshangilia kuliko wote alikuwa yeye. Kisima kiko hatua chache kutoka mlangoni kwake, tukampa kazi ya kukitunza. Kila asubuhi alimsukuma Nyamai hadi kwenye kivuli cha kibanda cha pampu, wakashinda hapo wakipiga soga na watu waliokuja kuteka. Ile chupa ya chai aliipandisha juu ya kabati, ikakaa huko ikila vumbi.

Sasa sikiliza ujanja wetu. Fundi Githaiga wa mjini Wote alikuwa amezifunga paneli juu ya paa la kibanda, zimeinuliwa kwa vyuma. Sisi hatukupenda. Tukaona zimekaa kama zinawaita wezi, na upepo wa Agosti ungezibeba. Fundi alipoondoka tu, tukazishusha zikalala juu ya mabati kabisa, tukaziba pembeni kwa saruji hata mjusi asipite. Vile vyuma tukajengea zizi la mbuzi wa kikundi. Tena tulijipongeza, maana mabati ya Ikutha saa sita yanaweza kukaanga yai, na tuliamini joto hilo lote litageuka maji. Hatimaye jua letu lingetufaa kwa kitu!

Kiangazi kilipokolea, asubuhi maji yalitoka vizuri, lakini kufika saa sita bomba lilikuwa linadondosha tu. Waliokuwa nyuma ya foleni walirudi na mitungi mitupu, na maneno hayakukosekana. Kanyiva, masikini, alitafuta lami iliyobaki barabarani akapaka mabati yawe meusi, yavute jua zaidi. Maji yakapungua zaidi.

Ndila, mwenyekiti wetu, si mtu wa kuzungusha maneno. "Hii kitu imetushinda," alisema mkutanoni. "Kuna mkulima huko juu anaitaka. Mwezi ukiisha tunamuuzia, turudi mtoni."

Kanyiva alisema asante kwa mazoea, akaenda zake. Nilimfuata nimfariji. Nilimkuta ameshusha ile chupa ya chai kutoka juu ya kabati, anaiosha. Nyamai alikuwa mlangoni anamtazama. Niligeuka nikarudi nyumbani.

Kabla mwezi haujaisha, kulipita manyunyu ya ghafla mchana, mvua ya kulowesha mabati tu. Jua likarudi kali kama halikuondoka. Mara pampu ikanguruma, maji yakapiga ndoo kwa kishindo.

"Sikiza, Mama Kasiva!" Nyamai aliita. "Jua ni ile ile. Mabati ndio imepoa!"

"Kwa hivyo?"

"Lori ikipanda mlima na joto, inakosa nguvu. Unasimama, unafungua boneti, upepo inapita. Sasa hizi paneli, si sisi tumezifungia boneti na saruji?"

Kanyiva alimpigia Githaiga simu pale pale, akaweka sauti ya juu tusikie wote. Fundi alicheka kwanza, akacheka tena aliposikia habari ya lami.

"Mama, paneli inakula mwanga, haikuli joto," alisema. "Ikichemka, pawa inashuka. Ile nafasi niliacha chini ilikuwa ya upepo. Rudisheni vyuma, na hayo mabati mpake nyeupe. Mkitaka kuziosha, muoshe asubuhi zikiwa baridi. Ukimwagia maji baridi saa sita, kioo inaweza kupasuka. Ngojeni, nakuja kuzifunga mwenyewe."

Tukaitisha mwethya, ile kazi yetu ya kusaidiana ambayo mtu hukosa kwa ugonjwa tu. Tulifika kabla jua halijachomoza. Mbuzi walipoteza zizi lao wakatutazama kwa chuki. Wengine waligonga saruji, wengine walisugua vyuma, Githaiga akafunga nati. Kanyiva alipaka rangi nyeupe, na nyingi ilimwishia yeye kichwani. Paneli zilipoinuka, niliingiza mkono chini yake nikahisi upepo unapita. Nyamai aliimba kwa sauti ya lori bovu, hakuna aliyemnyamazisha.

Kesho yake saa sita tulisimama na mitungi, jua linatuchoma utosi. Maji hayakuwa na nguvu ya asubuhi, na fundi alikuwa ametuambia kwamba joto la kwetu halitakosa kula nguvu kidogo. Lakini hayakukatika. Ndila alijipanga wa mwisho kwa makusudi. Mtungi wake ulipojaa aliuziba, akasema, "Huyo mkulima atafute pampu yake." Kanyiva alimkumbatia na rangi yake ya kichwani.

Jumapili alisimama kanisani kutoa shukrani. Alimshukuru Mungu kwa upepo unaopita chini ya paneli, vijana wakacheka. Aliwashukuru walioshika nyundo mmoja mmoja kwa majina, mpaka mchungaji akaanza kutazama saa. Kisha akaenda mbele, akaweka ile chupa ya chai mezani, katikati ya mayai na maboga yaliyotolewa sadaka.

Baada ya ibada vitu vilinadiwa nje kama kawaida, na chupa nikaichukua mimi, maana sikutaka irudi katika nyumba ile. Nikamfuata Kanyiva, nikamuuliza kwa utani: sasa Baba Kasiva chai yake utamwachia kwenye nini?

"Simwachii," alisema. "Nitammiminia mwenyewe. Si nitakuwa hapo?"