Jipu Lililochanjwa Chale

Sokoni Chimala walisema jipu la binamu yangu limechanjwa chale. Magurudumu yote manne, kwa wembe mpya, kisha yakapakwa mafuta ya mbuzimawe, yule mnyama anayepanda majabali kama anapanda ngazi. Ndiyo maana halikwami! Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, mwenye cheti ukutani, niliamini palepale.

Ningeachaje kuamini? Majipu yetu tuliyanunua siku moja, Iringa, kwa mzungu mmoja aliyekuwa anafunga shamba. Majipu makuukuu ya jeshi, madogo, rahisi, mapacha hata kwa kutu. Lakini mvua zilipoanza, lake lilipanda mlima wa nyuma ya Mbeya likiimba, langu likazama kwenye tope jekundu mpaka kuku wakahamia juu ya boneti.

Na juu ya mlima huo ndiko alikokaa binti niliyetaka kumwoa. Wazee wake walikuwa hawajasema ndiyo kwangu wala kwa binamu yangu, kwa hiyo kila Jumapili baada ya ibada yalikuwa mashindano ya kufika. Binamu alinipita nikiwa topeni hadi magotini, akapiga honi.

"Ndugu yangu, unalima au unasafiri?"

"Napumzisha injini!"

"Haya, nitakusalimia wakwe. Nitawaambia uko njiani tangu juzi."

Wivu ulinishika. Nikaenda Usangu kwa mganga, nikamwambia alichanje na langu. Akanitazama mimi, akalitazama jipu, akauliza ni la ukoo gani. Nikataja wangu. Akachanja mipira pembeni, kidogo kidogo, akapaka mafuta yenye harufu ya kumfukuza fisi.

Jumapili iliyofuata nikavaa tai. Yule binti nilimkuta chini ya mlima, anatoka kanisani.

"Ndaga, dada," nikamsalimia. " Panda. Leo tunapaa."

Tulipaa kidogo, tukazama. Nikakanyaga mafuta, magurudumu ya nyuma yakarusha tope mpaka nadhani watu wa Tukuyu walianua nguo zao. Nikashuka, nikaanza kuzipapasa zile chale, nikizisihi kwa Kisafwa, kwa Kihehe, na kwa Kiingereza changu chote.

"Kaka, unaongea na nani?"

Nikamweleza yote: wembe, mganga, mbuzimawe. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akainama ndani ya jipu, akashika kijiti kifupi cha chuma kilichokuwa kando ya gia, ambacho tangu Iringa sikuwahi kukigusa.

"Kikiwa hapa, yanasukuma magurudumu ya nyuma peke yake. Ukivuta hiki, na ya mbele yanafanya kazi. Hakuna dawa yoyote, kaka. Binamu yako huwa ananiambia nikivute mimi, kila tukifika hapa."