Majina kwa Penseli

Mama Umurerwa hakai kitako. Mpe kigoda, atakikalia kidogo tu kisha ainuke kwenda kutazama kama moto umezimika. Alfajiri yuko njiani na bidoni, dumu lake la maziwa, mchana ameshapita kwa wagonjwa watatu, jioni yuko kanisani anafagia palipokwisha kufagiwa. Majirani wa Mweso humcheka na kusema ni bidii. Bidii ipo, sikatai, lakini mwaka ule wa kuhamia Mweso kilichomkimbiza kilikuwa kitu kingine.

Kule Muheto, kabla vita havijawahamisha, kanisa lao lilikuwa na kitabu kimoja tu cha nyimbo kwa watu themanini, na yeye ndiye aliyekitunza. Alisimama mbele akasoma mstari, watu wakauimba. Akasoma mwingine, wakauimba. Tena walikuwa na desturi yao. Muumini akifikia umri wa kufikiria kaburi lake, alimwendea na penseli, akaandika jina lake pembeni mwa wimbo anaotaka kuzikwa nao. Hakumwambia mtu, hata mkewe. Siku ya maziko Mama Umurerwa alifungua, akalitafuta jina, na watu wote wakanyamaza wasikie marehemu amechagua nini. Mlevi mmoja alichagua wimbo wa Noeli, nao waliuimba mwezi wa saba bila kucheka sana.

Siku ya kukimbia, risasi zikilia mlimani, alirudi kanisani, akachomoa sandukuni kitabu kilichofungwa kwenye sashe ya plastiki, akakificha chini ya kitenge. Alipokifungua Mweso, kumbe ni kitabu cha masomo ya watoto wa Jumapili. Jalada la buluu lile lile, unene ule ule, hata sashe zilifanana. Wiki hiyo hiyo kanisa la Muheto likachomwa.

Angesema siku ile, yangekwisha. Lakini watu walikuwa wamepoteza ng'ombe na nyumba, na kila aliyekutana naye alimshika mikono akishukuru kwamba angalau kitabu kimeokoka. Akanyamaza. Jumapili alisimama mbele na kitabu cha watoto kilichovikwa kitambaa, macho kwenye picha ya Nuhu na safina, huku akitoa mistari ya nyimbo kichwani, maana zote alizijua. Majina yaliandikwa kwenye nyimbo zipi, hilo ndilo hakulijua. Alikuwa na adabu ya kutoyatazama mpaka mtu afe, na sasa adabu hiyo ilimnyima usingizi.

Kisha Sebarenzi, mfugaji mzee wa Muheto, akaugua. Wiki tatu alilala kitandani akili zake zikiwa timamu, na kila asubuhi Mama Umurerwa alimpelekea kikombe cha maziwa. Alikaa, akainuka, akapanga blanketi lililokuwa limepangwa. Mara kadhaa alifungua kinywa amwulize alichagua wimbo gani, akakifunga, kwa sababu kuuliza kulikuwa kukiri. Alijiambia kesho. Alhamisi mzee akafa.

Kaburini mchungaji Noël alimpa Mama Umurerwa nafasi kama kawaida. Béata, mjane wa Sebarenzi, alisimama karibu kabisa, uso ameuinua, anangoja kumsikia mumewe kwa mara ya mwisho. Mama Umurerwa alifungua kitabu. Angeweza kutaja wimbo wowote, na nani angejua? Alimtazama yule mjane, akashindwa.

"Mama Béata, kitabu ya nyimbo haiko," alisema. "Hii njo ya batoto. Nilikosea siku ya kukimbia. Wimbo ya muzee sijui."

Béata hakupaza sauti. "Wiki tatu ulikuwa unamuletea maziwa. Alikuwa angali anasema. Juu ya nini haukumuuliza?"

Noël alianzisha wimbo uliomjia, na bila wa kuwasomea mistari watu walipotezana kwenye ubeti wa pili. Mzee alifunikwa hivyo hivyo. Mama Umurerwa aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona maishani mwake.

Jumatatu alinunua daftari na penseli, akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba waliotoka Muheto wamtajie nyimbo zao upya. Wengine walimtajia, wengine walimtukana kwanza ndipo wakamtajia. Nyumba ya Béata aliikwepa siku sita. Ya saba akabisha hodi.

Béata alimwonyesha kiti, naye safari hiyo akakaa asiinuke. Alifungua daftari, akachonga penseli.

"Ya kwangu usiandike," Béata alisema. "Nitakuambia, utaishika mu kichwa. Na siku yoyote nikikuuliza, utajibu."

Akamwinamia sikioni, akamtajia namba ya wimbo wake. Tangu hapo, kila asubuhi Mama Umurerwa akifika na bidoni, Béata humwuliza mlangoni, naye huitaja namba hiyo kabla ya kutua maziwa.