RAM ya Zamani

Juzi nilipofungua kompyuta ya ofisini, vumbi lake lilinirudisha Elburgon, kando ya kiwanda cha mbao, ambako mama alitaipia watu barua. Kompyuta yake ilikuwa ikikwama, basi alichomoa RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu, akaifunga kwa kitambaa, tukaipeleka Nakuru kutafuta ya kufanana nayo.

"Mathe, hili pengo kwenye meno yake lazima lilingane," muuzaji alisema akizipima. "La sivyo, haiingii."

Alipoitupa ile ya zamani katonini, nililia. Nilidhani picha za marehemu baba zimo humo. Sikujua picha hukaa kwingine ndani ya kompyuta.

"Mpe tu hiyo ya zamani," mama alimwambia muuzaji, nami nikaitia mfukoni.

Nyumbani aliwasha kompyuta, baba akatokea kwenye skrini akitabasamu. Nilipapasa mfuko wangu, nikajua sasa tuna baba wawili: mmoja wa mama, mmoja wangu.