Fundi Paka na Mkataba wa Matunzo

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Paka, maana ukimtafuta chini humpati. Inua macho, utamwona juu ya ukuta wa mtu, drili mkononi, misumari mdomoni, anafunga kamera ya ulinzi. Na fundi alikuwa fundi kweli, tusimwonee. Waya zake zilinyooka, kamera zake zilitulia, na kila alipomaliza kazi alikusanya vyombo vyake na kumwambia mteja maneno yaleyale: "Nikifunga mimi, wewe sahau." Aliyapenda maneno hayo mpaka akayaandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa kiduka alichogawana na mkewe mshonaji. Mtu mzima na akili zake anajiandikia mwenyewe kwamba asitafutwe tena.

Basi wateja wakasahau. Akishafunga kamera za mtaa huu, kazi imekwisha, aende mtaa wa pili; na huko zikiisha, aende mji mwingine. Mwisho akawa mtu wa mabasi na nyumba za wageni. Kifunguamimba wake alizaliwa yeye akiwa juu ya paa la ghala la watu, mbali huko, simu imekwisha chaji. Aliporudi nyumbani mtoto alikuwa ameshajua kutabasamu, na alimtabasamia kila mtu isipokuwa baba yake. Alipombeba, aliangua kilio mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni.

Sasa mkewe alikuwa na mimba ya pili, tumbo limekuwa kubwa hata cherehani anaiendea kwa ubavu. Siku moja, akipinda suruali ya mteja, alisema bila kuinua kichwa:

"Baba watoto, huyu sizai peke yangu."

"Utazaaje peke yako? Mama yako si yupo?"

"Mama yangu siye aliyenipa mimba."

Maneno hayo yalimkaa Paka. Alikuwa anampenda mkewe, na aibu ya ile mara ya kwanza ilikuwa haijamtoka, tena wiki hiyohiyo alikuwa ameitwa kwenda kufunga kamera za kiwanda kipya, safari ya siku nzima na kazi ya miezi. Walitaka jibu kabla ya Jumamosi. Akikataa, watakula nini? Akikubali, atazaliwa mwingine asiyemjua.

Fundi majokofu, rafiki yake wa siku nyingi, ndiye aliyemfungua macho. Huyo bwana alikuwa haendi popote. Alikuwa na mikataba ya matunzo na mabucha na maduka ya vinywaji: kila mwezi anapita, anasafisha, anakaza, analipwa kilicho chake, jokofu liwe zima au bovu. Paka akajiuliza, kwani kamera zina nini? Zifutwe vioo, yakatwe majani yanayoziba, ikaguliwe mashine kama kweli inarekodi. Akipata wateja wa kutosha hapahapa mtaani, safari basi.

Akaanza kwa mwokaji mikate, akamtupia methali. "Bwana mkubwa, usipoziba ufa utajenga ukuta."

"Ufa upi?" mwokaji akauliza. "Wewe si uliniambia nisahau? Nimesahau. Usinikumbushe."

Mwenye duka la dawa akataka kujua kamera inakula nini hata itunzwe. Kinyozi ndiye aliyemuumiza zaidi, maana alimuuliza kwa sauti ya huruma kabisa kama siku hizi mkono umeharibika. Paka aliondoka pale masikio yanawaka moto. Ulimi wake mwenyewe ndio uliomponza, na wa kumlaumu hayupo.

Akabaki Mama Funguo. Huyu alikuwa msimamizi wa jengo la maduka pale kwenye kona, na funguo zote za jengo alizifunga kiunoni, kwa hiyo ulimsikia kabla hujamwona. Jengo lake lilikuwa na kamera nyingi kuliko mtaa mzima, na alijulikana kwamba hatapeliwi. Akikubali yeye, wengine watafuata. Alimsikiliza Paka hadi mwisho, kisha akasema: "Nitakuja dukani kwako. Nataka kuona za kwako unazitunzaje."

Akaja kweli, Alhamisi, funguo zinalia. Paka, kwa madaha yote, akawasha skrini ya kamera yake, ile iliyo juu ya mlango. Skrini ikaonyesha kitu cha rangi ya tope, kimetulia tuli.

"Hiki ni nini?" Mama Funguo akauliza.

"Mlango wa duka, mama."

"Mlango uko wapi?"

Paka akatoka na ngazi, akapanda. Nyigu alikuwa amejenga nyumba ya udongo juu ya kioo cha kamera, nyumba ya maana, ya vyumba na kila kitu. Huko ndani mkewe alicheka, akacheka, mpaka futi ya kupimia ikamdondoka shingoni na mikono yote miwili ikashika tumbo.

"Jamani, mganga hajigangi," akasema, akifuta machozi kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Paka akashuka akijua mkataba umekwenda na maji. Angeweza kusema nyigu kajenga jana usiku. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alimtazama mkewe pale kwenye kiti, akaona uongo ndio uliomfikisha hapo alipo, ule wa rangi nyekundu.

"Mama, sitakudanganya," akasema. "Tangu niifunge sijaitazama. Nilisahau."

"Kumbe hata wewe unasahau."

"Hata mimi."

Mama Funguo akaitazama tena ile skrini ya tope. Halafu uso ukambadilika. "Na zangu je?"

"Sijui, mama. Ndiyo maana naomba niwe napita."

Hakungoja amalize. Wakaenda jengoni mwendo wa haraka, yeye mbele, Paka na ngazi nyuma. Kamera ya mlango wa nyuma ilikuwa inaangalia majani tu, mmea wa ukutani umepanda ukaifunika. Ya ngazini ilivaa utando wa buibui. Ile ya maegesho ndiyo ilikuwa kiboko: wapaka rangi waliigeuza wakati wa kazi yao, wakaisahau, na tangu siku hiyo imetazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Kwa hiyo miezi yote hii nalinda ukuta," akasema Mama Funguo.

"Na haujaibwa, mama."

Hapo wote wawili wakacheka hadi mlinzi wa getini akaja kuchungulia. "Lete huo mkataba wako," akasema Mama Funguo. "Lakini anza na yako. Nyumba ya nyigu itoke leo."

Hakuishia hapo. Aliupitia mtaa mwenyewe, duka kwa duka, akimwambia kila mtu aangalie kamera yake kabla hajalala. Mwokaji alikuta yake imefunikwa na vumbi la unga, hakuna aonekanaye ila kivuli. Kinyozi alikuta mashine yake imeacha kurekodi zamani, na yeye ndiye aliyekuja kuomba mkataba akiwa mpole kuliko wote. Ijumaa jioni Paka aliwapigia simu watu wa kiwanda, akawashukuru, akawaambia hatakwenda. Alikata simu na hofu na furaha pamoja, hata mwenyewe hakujua ipi imezidi.

Ikafika asubuhi moja, Paka yuko ofisini kwa Mama Funguo. Alikuwa ametoka kufuta kamera ya geti la mbele, sasa anaikagua picha. Ilikuwa picha safi, barabara yote unaiona. Na barabarani anakuja mama mkwe wake na furushi kichwani, mjukuu kamshika pindo la nguo, na nyuma yao mwanamke anayetembea polepole, mkono kiunoni, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea.

"Yule si mkeo?" akauliza Mama Funguo. Aliuliza kiti kitupu.

Paka aliwakuta getini, kitambaa cha kufutia vioo bado kiko begani. "Mama watoto, mbona hukunipigia simu?"

Mkewe alikuwa ameegemea nguzo, akingoja uchungu upite. Ulipopita, alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto.

"Nikupigie simu ya nini? Zahanati iko pale mbele, na wewe uko njiani. Tumekupitia."

Paka akalichukua furushi kichwani kwa mama mkwe, akampa mkewe bega, wakaenda hivyo taratibu, wakisimama kila mkewe aliposimama. Mtoto alizaliwa kabla ya adhuhuri, wa kiume, ana sauti kama honi, na mkunga alipofungua mlango alimkuta baba yake amesimama hapohapo, analia kuliko mtoto.