Kamba Yenye Mafundo Mawili

Vitabu vya zamani vya ushonaji havinuki karatasi. Vinanuka mafuta ya cherehani, kwa sababu fundi hufungua ukurasa kwa kidole kilekile alichotoka kupakia mafuta mashine. Ninavyo kumi na vinne, pamoja na cherehani tisa kuukuu, katika chumba changu cha Nyahanga, hapa Kahama. Wageni huniuliza kama nauza. Nikisema hapana, huuliza kama nashona. Nikisema kidogo tu, hukitazama chumba chenye mashine tisa na kiti kimoja.

Harufu hiyo ndiyo niliyoingoja utotoni kama wenzangu walivyoingoja pilau ya Krismasi.

Nilikuwa darasa la tatu baba alipofariki. Mama akabeba cherehani yake kwenda Katoro, ambako wachimbaji walikuwa wakimiminika kila siku na suruali zilizochanika. Mimi nikabaki Samuye kwa Shangazi Minza. Shangazi hakuwa mbaya. Alikuwa na watoto wake sita, na mtu mwenye watoto sita jioni huhesabu vichwa, hana nafasi ya kutazama nyuso.

Nguo zangu mama alizishona kwa kamba. Ngoja nikueleze, maana siku hizi vipimo hutumwa kwa simu. Unachukua kamba ya katani, unashika ncha yake begani, unafunga fundo la kwanza kiunoni na la pili chini kidogo ya goti. Kifua unakizungushia kamba nyingine. Basi kamba inasafiri badala ya mwili. Mjomba Masele, kaka yake mama, alikuwa mchuuzi wa ng'ombe. Yeye ndiye aliyezipeleka Katoro, na gauni likarudi naye likinuka mafuta ya mashine.

Gauni la kwanza lilinikaa sawasawa. Nikaangua kilio.

"Ng'wanone, mwanangu, gauni zuri hivi unalililia nini?" Shangazi alishangaa.

Mama alikuwa na msemo wake kwa wateja: "Gauni likikataa, leta mwili." Lile halikukataa, kwa hiyo mwili haukuwa na sababu ya kuonwa.

Mwaka uliofuata nilijipima mwenyewe, nyuma ya ghala. Fundo la chini nikalipandisha vidole vinne. Niliona nimebuni ujanja ambao haujawahi kubuniwa na mtu: gauni litakuja fupi, litakataa, na mama atalazimika kuja kuuona mwili.

Lilikuja, la kijani lenye maua ya njano, likaishia juu ya magoti. Binamu zangu walijishika mbavu.

"Kabula, unavuka mto gani?"

"Mwacheni, mchwa wamelila gauni!"

Sikuwajali. Nilimkimbilia Mjomba na kumwambia, "Mwambie mama limekataa."

Kwa wiki tatu nilifagia uwanja mpaka ukingoni mwa barabara, kusudi mama asikanyage majani makavu. Siku ya mnada Mjomba akatokea, akitafuna karanga, peke yake.

"Shikamoo, Mjomba. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kazini. Amesema Kabula ajitazame ndani."

"Ndani wapi?"

"Mimi nitajuaje? Ndani ya nafsi, labda. Kwani umefanya nini tena, wewe?"

Nilijua nilichofanya. Masikio yaliniwaka. Mama alikuwa ameuona uongo wangu akiwa kule kule Katoro, na badala ya kuja, alinituma niichunguze dhamiri yangu. Mwaka mzima nilivaa gauni lile kanisani kama adhabu, nikilivuta chini kwa mikono miwili wakati wa kuimba. Kamba zilizofuata nilizipima kwa uaminifu, na nguo zikanikaa sawasawa. Neno lolote la kumwita mama sikulituma tena.

Alirudi baada ya miaka mitatu. Alikuwa mpole kwangu, nami mpole kwake, kama fundi na mteja. Tuliishi hivyo mpaka Mungu alipomchukua.

Mwezi uliopita nilisikia kwamba kuna fundi mzee Katoro anaacha kazi na kugawa vitabu vyake. Nikaenda. Mzee Idi aliniuliza jina langu, kisha jina la mama, na nilipomjibu akaacha kufunga mzigo.

"Kabula wa kamba!"

Alicheka mpaka akakohoa. Akafungua kitabu kimoja cha sayansi kimu, na katikati ya kurasa zake kulikuwa na kamba mbili za katani zilizolazwa sambamba.

"Hiki kilikuwa cha mama yako, alikisahau kwangu. Ona, hii ya mwaka wa kwanza, hii ya pili. Baraza zima la mafundi tulicheka siku ile. Akasema, 'Jamani, mtoto gani anakua kwenda chini?' Alijua unamwita. Lakini kuja aliogopa. Alisema akikuona hatarudi tena Katoro, na nyumbani mtakula nini? Basi akashona kwa kamba yako ya uongo, na urefu wa kweli akaukunja ndani."

"Ndani?"

"Ndani ya pindo, mwanangu. Akamwambia yule mjomba wako, 'Mwambie atazame ndani.' Alitaka ucheke. Akangoja jibu, wapi! Mwishowe akaniambia, 'Idi, mwanangu amekasirika. Acha nisimchokoze.'"

Atazame, si ajitazame. Mahali fulani kati ya Katoro na Samuye, Mjomba aliongeza silabi moja.

Tangu nilipoacha kulivaa, gauni lile halijaondoka katika sanduku langu. Niliporudi nililigeuza. Pindo lilikuwa pana, na mshono wake mrefu, ule tunaouweka tukijua utafumuliwa. Hata mtoto angeuweza. Nilivuta ncha moja, uzi wote ukaja. Kitambaa cha ndani kilikuwa bado kijani kibichi, hakijaonja jua. Nikakipima kwa vidole: vitatu. Nilishangaa, maana nilikuwa nimeiba vinne. Kisha nikakumbuka vilikuwa vidole vya mtoto wa miaka kumi.

Ukiletewa ujumbe, ndugu msomaji, mwombe mleta ujumbe aurudie neno kwa neno. Mimi nilidhani nimenyimwa jibu, na mama naye akadhani hivyo hivyo, kila mmoja akichelea kumuudhi mwenzake. Jibu alilolingoja lilikuwa neno moja tu.

"Nimeliona," nilisema kwa sauti, mbele ya cherehani tisa.