Kirusi Kilicho Mikononi mwa Maman Eugénie

Saa moja na nusu asubuhi, Eugénie Mwansa anapasha kitanzi cha waya kwenye mwali wa spiriti hadi kinakuwa chekundu, anakiacha kipoe, kisha anakirudisha mezani bila kugusa chochote. Katika maabara hii ndogo ya Panda, mjini Likasi, anasubiri majibu ya vipimo, na roho yake iko juujuu.

Mama huyu wa miaka hamsini na miwili, ambaye ishirini na sita kati yake amefanya kazi ya maabara, hulisha bakteria. Kila Jumatatu huchota kidogo kutoka sahani ya zamani na kupanda kwenye sahani mpya yenye chakula, la sivyo wanakufa. Amefanya hivyo majuma sitini bila kukosa. Umeme ulipokatika siku nne, alizifunga sahani kwa kitenge akalala nazo ili zipate joto. Mumewe akahamia sebuleni.

Ndani ya bakteria hao, waliotoka kwenye dimbwi la maji ya mgodi wa shaba, mna kirusi cha RNA, yaani kirusi ambacho maelekezo yake hayakuandikwa kwa DNA kama yetu. Virusi vingi vya bakteria huingia, huzaana, hupasua seli na kutoka. Hiki hakipasui. Hukaa kimya, na seli inapojigawa, nacho huenda na watoto, kizazi baada ya kizazi, bila kutoka nje.

Dimbwi lenyewe lilifukiwa mwaka jana. "Kikipotea hapa, hatutakipata tena fasi ingine," anasema.

Mwezi uliopita Évariste, mtafiti kutoka Lubumbashi, alipima sahani moja akakuta kirusi hamna. Akamwuliza mama huwa anachagua vipi kati ya vidoa, yaani makundi ya bakteria yanayoota kwenye sahani.

"Nakamata kile kidoa kikubwa, cha nguvu," alimjibu. "Njo namna banatufundisha, Docteur. Vile vidogo miye natupa."

Évariste alivuta kiti akakaa, akamweleza. Bakteria mwenye kirusi ana mzigo, hukua polepole, na kidoa chake hubaki kidogo. Mara mojamoja mtoto huzaliwa bila kirusi, naye huwaacha wenzake mbali. Kwa kuchagua walio bora kila Jumatatu, mama alikuwa akichagua waliopona.

"Tangu siku ile silale muzuri," anasema. "Miye nilikuwa najisifu. Kumbe njo miye nilikuwa natupa kile bantu banatafuta."

Saa tatu mlango unafunguka. Évariste ameshika karatasi. Sahani tisa zilipimwa.

"Munane haziko na kitu, Maman," anasema kwa sauti ya chini. "Moja tu iko nacho. Lakini kidogo sana."

Eugénie anafuta macho kwa kiganja, anavaa glavu. Mpango wao ni mmoja: apande vidoa vidogo tu, kila kimoja kipimwe, na kirusi kikionekana, nusu ya bakteria hao ipelekwe kugandishwa Lubumbashi. "Kama Jumatatu ingine kiko mule, nitalala," anasema.

Anafunua sahani ya tisa, ile yenye kirusi. Ina vidoa kama arobaini. Anashika kitanzi, na mkono unakwenda wenyewe kwenye kile kinene, kinachong'aa.

"Hapana, weye," anauambia mkono wake.

Anausogeza hadi pembeni, kwenye kidoa kidogo kama tundu la sindano, na kukiokota kile ambacho kwa miaka ishirini na sita angekitupa.